Mbuzi Nje ya Geti

Kalekye alitayarishwa mpaka akachoka. Wiki mbili nzima alitayarishwa akipepeta ndengu, akatayarishwa akichota maji, na Jumapili akatayarishwa hata nje ya kanisa, Biblia ikiwa bado kwapani. Katika boma la babake, Mzee Nzau, kule Kathonzweni hakuna aliyeamini kwamba mwanamke wa miaka thelathini na saba, fundi wa nguo mwenye vyerehani viwili na wateja wa kutosha, angeweza kuingia katika chumba chenye meza na kuongea na mume wake mwenyewe bila kufundishwa.

Jambo lilikuwa hivi. Kalekye na Munyao walikuwa wametengana miezi saba. Kalekye alirudi kwa babake na watoto wawili, Mbinya wa miaka kumi na miwili na Mutiso wa miaka sita, na Munyao akabaki Emali na karakana yake ya kuchomelea mageti. Baadaye Munyao akapeleka karatasi katika korti ya mji wa Wote akitaka watoto warudi kwake. Korti nayo, badala ya kuwasimamisha mbele ya hakimu wavuane nguo hadharani, ikawaambia wakaketi kwanza na mpatanishi waone kama wanaweza kuelewana wenyewe. Siku ikawekwa: Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mpatanishi, Bi. Kathini, alimpigia Kalekye simu kumweleza namna ya kujiandaa.

"Njoo na mambo matatu tu, mama," alisema. "Yaandike. Lakini yawe yako. Ukiniletea ya shangazi yako nitajua."

Wala hakuwa mchawi, Bi. Kathini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo siku nyingi, akawajua mashangazi.

Na shangazi alikuwepo. Ndululu, dada mkubwa wa Mzee Nzau, alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, kiongozi wa kina mama kanisani na mjuzi wa mila zote za Wakamba, hasa zile zinazomfaa siku hiyo. Boma lake lilipakana na la kaka yake kwa ua wa minyaa, na ua huo ulikuwa na tundu alilolipita mara sita kwa siku.

Sasa, usije ukadhani Munyao alikuwa mtu mbaya. Hajawahi kumwinulia Kalekye mkono wala sauti. Sauti yenyewe aliitumia kwa nadra sana. Alimpenda mkewe, hilo hata Ndululu hakulikana, ila alimpenda kama fundi wa kandarasi: anamaliza kazi kwanza, ndipo anakuita uje uone. Mwaka wa tatu wa ndoa Kalekye alirudi kutoka mazishini akakuta mlango wa nyumba umehamishiwa ukuta mwingine. Mwaka wa saba akapakiwa rangi ya samawati sebule nzima, naye rangi ya samawati humtia baridi. Kila mara Munyao alisimama pembeni akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akitabasamu, akingoja asifiwe. Na kila mara Kalekye alimeza mate, akasema ni nzuri.

Kilichomshinda kumeza ni sketi. Mwezi wa pili shule moja ya bweni upande wa Kitui ilimpa kazi ya kushona sare za wanafunzi wapya. Wazazi walikuwa wameandika vipimo vya watoto wao kwenye vikaratasi, na kikaratasi cha saba kilisema Mbinya Munyao. Kalekye alicheka peke yake, akasema kumbe kina Mbinya Munyao wako wengi. Akakata kitambaa kwa mazoea, akakunja pindo, na alipofika kiunoni akarudi kusoma kipimo. Hakukuwa na kiuno wala kifua. Kulikuwa na haya: *Urefu futi nne inchi kumi. Upana futi moja inchi mbili.*

Kuna mtu mmoja tu chini ya jua anayempima mtoto kwa urefu na upana, kama geti.

Munyao alikuwa amemtafutia bintiye nafasi, akakubaliwa, akajaza fomu, na akampima kwenye fremu ya mlango wa karakana akimdanganya kwamba anataka kuona amerefuka kiasi gani. "Nilitaka ufurahi," alisema alipoulizwa. Kalekye aliiweka ile sketi mezani, nusu imeshonwa, akafunga nguo za watoto jioni ile ile, na asubuhi yake akaondoka nao.

Kwa hiyo katika daftari la mambo matatu, wiki mbili baada ya simu ya Bi. Kathini, palikuwa na jambo moja tu limeandikwa: *Nataka niwe naulizwa.* Mengine mawili hayakuja. Hakujua kama anataka kurudi Emali au anataka kuachana kabisa, na kila alipokaa kulifikiria, shangazi alipita kwenye tundu la ua na kulifikiria kwa niaba yake.

Jumatatu shangazi alichukua simu ya Kalekye, akaibonyezabonyeza, akamrudishia. "Usiongee na huyo mtu mpaka Ijumaa," alimwonya. "Maneno yako yataishia kwa simu, ufike pale mbele ya wenyewe huna kitu."

Jumatano jioni wakafanya mazoezi. Shangazi alikuwa mpatanishi. Aliketi kwenye kiti cha Mzee Nzau, akafungua kwa maombi marefu yaliyomtaja Munyao kwa jina mara nne na shetani mara tano, akaimbisha pambio, kisha akamwita kaka yake aje awe Munyao. Mzee Nzau, mtu mpole ambaye hajawahi kumshinda dada yake kwa lolote tangu wazaliwe, akaja na stuli yake.

"Haya, Munyao," shangazi akaamuru, "sema mashtaka yako."

"Mama Mbinya," Mzee Nzau akaanza kwa upole, "mimi naona tu urudi nyumbani, haya maneno..."

"Huyo si Munyao! Munyao tangu lini akaongea? Kaa kama Munyao!"

Mzee Nzau akafikiri kidogo. Akaokota msumari chini, akaushika kwa vidole viwili, akawa anauzungusha huku akiutazama kama kuna kitu kimeandikwa juu yake. Hakusema neno. Na alikuwa Munyao mtupu! Mabega yale yale, macho yale yale ya mtu anayetafuta neno na kulikosa. Kalekye alianza hotuba yake aliyoikariri, akafika sentensi ya pili, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kikawa machozi kabla hajakizuia. Alimkumbuka yule mtu. Lilimuudhi sana jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Unaona?" shangazi akamwambia kaka yake. "Moyo umelainika. Atafika pale alegee kama uji. Lazima kitu kifanyike."

Kalekye hakuuliza ni kitu gani. Kuuliza si ujinga, lakini alikuwa anapenga kamasi.

Alhamisi alienda sokoni kuchukua gauni alilokuwa amelipeleka kupigwa pasi kwa ajili ya kesho yake. Aliporudi saa saba alimkuta babake ameketi mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, iliyopoa, kijiko kimesimama katikati. Mzee Nzau kukataa muthokoi si jambo dogo.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi." Mzee akatazama upande wa zizi, kisha kwa haraka akatazama upande mwingine. Kalekye naye akatazama zizini. Mbuzi walikuwa saba. Asubuhi walikuwa wanane.

"Yule mwekundu ako wapi?"

"Si alienda." Mzee akakohoa. "Nthiwa wa shangazi yako alimbeba na pikipiki saa nne. Kumpeleka Emali. Ndululu aliniambia mmeongea, mwanangu. Aliniambia ni wewe umesema."

Kalekye akakaa kwenye stuli. Hakuhitaji kuelezwa. Hakuna Mkamba anayehitaji kuelezwa. Mbuzi wa mahari hutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Mbuzi akitoka kwa baba wa mwanamke akarudi kwa mume, huyo ni mbuzi wa maleo, mbuzi wa kukataa. Mume akimpokea bomani mwake mbele ya shahidi, ndoa imekwisha. Korti iseme isemavyo, kanisa liimbe liimbavyo, kwa watu wa kwao Kalekye angekuwa si mke wa mtu tena, naye angelipata habari hiyo akila muthokoi.

Aliachishwa mume bila kuulizwa! Hata Munyao, na milango yake ya kuhamahama, hakuwahi kufika huko.

Alipita kwenye tundu la ua kama risasi. Shangazi alikuwa jikoni anasonga sima, akampokea kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi na anangoja sifa. Kalekye alilijua sana tabasamu hilo. Alikuwa ameishi nalo miaka kumi na mitatu.

"Ni kumtisha tu!" shangazi alisema alipoona uso wake. "Akiona mbuzi kesho atakuja amepiga magoti. Atakubali kila kitu."

"Na akimpokea?"

"Hawezi kumpokea."

"Na akimpokea, Aunti?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Shangazi Ndululu, mjuzi wa mila zote, hakuwa amelifikiria hilo.

"Mpigie Nthiwa amrudishe," Kalekye akasema. Shangazi akapiga. Simu ya Nthiwa, mwanawe wa mwisho, ikaita pale pale jikoni, juu ya kabati, ilikokuwa inachajiwa. Kalekye akampigia Munyao. Namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akapiga mara tano, na kila mara yule dada wa kwenye simu akamwambia kwa adabu kwamba mteja anaongea na mtu mwingine. Mtu mwingine gani, kama si wajomba wa Munyao, wanaitwa waje washuhudie?

"Vaa viatu," akamwambia shangazi.

"Mimi? Niende Emali nikafanye nini? Mimi na yule mtoto tuna nthoni, ile aibu ya wakwe, siwezi hata kumtazama machoni."

"Umempeleka wewe, utamrudisha wewe."

Basi wakakodi gari Kathonzweni, Kalekye mbele, shangazi nyuma na unga wa sima mikononi. Dereva alikuwa kijana wa kanisani kwao, akataka kuuliza kuna nini, akautazama uso wa Kalekye, akaongeza gea. Kalekye alikuwa akifanya hesabu ya moyo wake, na ilikuwa ikitoka vibaya. Wiki mbili alikuwa hajui anataka nini. Sasa alijua, na woga ndio uliomjulisha: hakutaka yule mbuzi apokelewe. Alitaka kumgombeza Munyao, ndiyo, amgombeze miaka mingine thelathini ikibidi, lakini akiwa mume wake.

"Mtu hutenda kwa mapenzi," shangazi akanong'ona kutoka nyuma, walipokuwa wamelipita soko la Wote. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, na Kalekye hakuijibu, maana Munyao naye angalisema maneno hayo hayo kama angekuwa msemaji.

Walifika Emali saa kumi. Karakana ya Munyao iko kwenye njia ya vumbi inayoingia sokoni, na watu walikuwa wamejaa mbele yake. Kalekye aliruka kabla gari halijasimama vizuri.

Mbuzi mwekundu alikuwa amesimama barabarani. Kamba yake ilikuwa imeshikwa na Nthiwa, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki kwa uso wa mtu aliyekaa hapo tangu asubuhi. Ndani, upande wa pili wa geti lililofungwa, alisimama Munyao na ovaroli lake, miwani ya kuchomelea imepandishwa kichwani, simu sikioni. Kati yao, kwenye kivuli cha lori, alikuwa Abdille, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Mwingi ambaye huleta mbuzi Emali siku za soko, anafuta jasho na kufurahia maisha.

"Ndio huyu mwenyewe?" Abdille akauliza alipomwona Kalekye. "Karibu, mama. Hii mbuzi iko mzuri, wallahi. Mimi nimeuliza fundi aniuzie, anasema si yake. Nimeuliza kijana, anasema pia si yake. Nikasema basi mimi nichukue, wote wamepiga kelele. Sasa mbuzi ya nani?"

"Mla mbuzi hulipa ng'ombe," mama mmoja muuza nyanya akasema, na watu wakacheka.

"Ameshaingia?" Kalekye alimuuliza Nthiwa, pumzi juu. "Ameingia ndani?"

"Ataingia aje?" Nthiwa akalia. "Nimefika hapa, huyu ameona mbuzi, akafunga geti! Na makufuli! Nikamwambia chukua, Mama amesema nisirudi nayo. Akasema haiguswi. Saa zile mbuzi ilianza kuhema kwa kiu, si akaipatia maji na mpaipu kutoka huko ndani, mpaipu inapita chini ya geti, ndio watu wasiseme amekaribisha mgeni. Mimi mwenyewe nimekunywa hiyo maji ya mpaipu. Sijala!"

Kalekye aligeuka akamtazama mumewe kupitia vyuma vya geti. Alikuwa amekonda. Geti lenyewe aliijua kila nondo yake, maana ndilo la kwanza Munyao kulitengeneza walipohamia hapo. Munyao alishusha simu polepole.

"Nakupigia," alisema.

"Ni mimi nakupigia! Iko bize tangu saa saba!"

"Ni wewe nilikuwa napigia." Akaipitisha simu kati ya vyuma ili aone. Kalekye alisoma jina lake, Mama Mbinya, likifuatwa na Mama Mbinya, likifuatwa na Mama Mbinya. Alipandisha kwa kidole, halikuisha. Munyao alikuwa amempigia mara arobaini na tatu.

"Mbona haikuingia kwangu?"

Kikohozi kilisikika nyuma ya tangi la maji la jirani. Shangazi Ndululu alikuwa amejificha huko, kanga imemfunika kichwa chote, kama mila inavyomtaka mama mkwe afanye akikutana na mkwewe njiani, na kwa mara ya kwanza Kalekye aliona mila hiyo inamfaa sana.

"Mwambieni," sauti ikatoka nyuma ya tangi, "nilimfungia namba. Jumatatu."

"Anasema amefunga namba yako," Abdille akatafsiri kwa raha, ingawa kila mtu alikuwa amesikia. "Fundi, unajibu nini?"

Munyao aligeuza uso kando kwa heshima, asitazame upande wa tangi. "Mwambie mama nimemsikia. Na mwambie ahsante kwa mbuzi, lakini mimi sikumpokea."

"Anasema ahsante lakini..."

"Nimesikia! Sina masikio?"

Watu walicheka hadi muuza nyanya akashikilia meza yake. Kalekye naye alicheka, lakini Munyao hakucheka. Alikuwa amezishika nondo kwa mikono miwili, na alikuwa anatafuta neno. Kalekye alimwona akilitafuta, usoni na mabegani, na safari hii hakumsaidia. Miaka kumi na mitatu alikuwa amemsaidia kwa kumalizia yeye. Akasubiri.

"Mbuzi alifika saa sita," Munyao akasema hatimaye. "Nthiwa akaniambia, pokea. Nikaona... nikaona kama nikifungua, nimekubali. Na kama nikimfukuza, nimekataa. Na sijui wewe unataka nini." Akaendelea kwa taabu. "Nikasema hii siwezi kuamua mimi. Lazima nimuulize mwenyewe. Ndio nikafunga geti nikaanza kupiga simu." Akamtazama usoni. "Sasa nakuuliza. Mama Mbinya, nipokee, ama nisipokee?"

Barabara nzima ilitega sikio. Hata dereva wa lori alizima injini ili asikie.

Na Kalekye, ambaye alikuwa amelalamika miaka kumi na mitatu kwamba haulizwi, ambaye alikuwa ameliandika jambo hilo peke yake katika daftari zima, alifungua kinywa akakosa sauti. Hakuna aliyemtayarisha kwa hili. Alikuwa na hotuba ya kujibu ukimya, alikuwa na hotuba ya kujibu visingizio, na zote mbili hazikufaa. Machozi yalimjaa, akayaacha yatoke mbele ya Emali yote.

"Usipokee," alisema.

Munyao aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu saa sita. Akachuchumaa pale pale nyuma ya geti, uso mikononi, na mabega yakawa yanatikisika. Alipoinuka alitoa funguo mfukoni, lakini Kalekye akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Usifungue mbuzi akiwa hapa. Mpaka aondoke."

"Kweli," Munyao akakubali, akarudisha funguo haraka.

Nthiwa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimpakia mbuzi mwekundu kwenye pikipiki, akamfunga kwa mpira, na kabla ya kuondoka akapewa chapati mbili na muuza nyanya aliyemwonea huruma. Shangazi akatangaza kutoka nyuma ya tangi kwamba yeye anarudi na gari, ana sima ameiacha motoni. Walipokwisha kupotea vumbini wote watatu, mama na mwana na mbuzi, ndipo geti likafunguliwa.

Walikaa kwenye benchi la karakana, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Abdille alituma chai ya maziwa, akajitia kushughulika na tairi la lori karibu sana na hapo.

"Kesho bado tunaenda Wote?" Munyao akauliza. Lilikuwa swali la pili kwa siku moja, na Kalekye aliogopa mumewe asije akaugua.

"Tunaenda. Usidhani mbuzi kurudi ndio mimi nimerudi. Kuna mambo."

"Ya bweni."

"Ya bweni, na ya mlango, na ya rangi ya samawati. Nimejitayarisha wiki mbili, sitapoteza hotuba yangu hapa kwa benchi."

Munyao alitikisa kichwa kukubali, akaokota kipande cha waya, akawa anakizungusha. Kalekye alidhani basi, maneno ya siku yamekwisha. Lakini yalikuwa yamebaki.

"Na Mbinya?" akasema. "Yeye anasemaje? Anataka bweni, ama hataki?"

Kalekye alivuta pumzi ampe jibu, jibu alilolikariri, lenye vipengele. Halafu akalirudisha. Alikumbuka jioni ile ya sketi. Alikumbuka mikono yake mwenyewe ikisukuma nguo za watoto ndani ya begi, na Mbinya amesimama mlangoni anamtazama, na asubuhi yake safari, na shule mpya Kathonzweni, na miezi saba. Hakuna mahali popote katika hayo yote alipomuuliza yule mtoto chochote. Alikuwa amemfungasha pamoja na sweta.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Sikumuuliza."

"Na mimi sikumuuliza."

Walitazamana, na aibu ikawapata wote wawili kwa pamoja, aibu moja ya kugawana nusu kwa nusu. Ilikuwa ajabu jinsi ilivyowasogeza karibu kuliko chai. Kalekye akatoa simu, akampigia babake. Mzee Nzau aliitikia kinywa kimejaa, alikuwa ameurudia muthokoi. Akamwita mjukuu wake, na Kalekye akaiweka simu benchini, sauti juu, katikati yao.

"Mama?"

"Mbinya, niko na baba yako."

"Mko wapi?"

"Emali. Hatugombani." Kalekye akamtazama Munyao, na Munyao akainama karibu na simu kana kwamba inaweza kuruka ikimbie.

"Mbinya," alisema, "ile shule ya bweni. Unataka kwenda, ama hutaki? Tunakuuliza."

Walisikia kuku wa Mzee Nzau, na mtoto Mutiso akiimba kitu kwa mbali.

"Mnaniuliza mimi?" Mbinya akasema.

"Wewe."

"Nyinyi wote wawili?"

"Sisi wote wawili," Kalekye akajibu.

Mbinya alifikiri. Walimsikia akifikiri, kule Kathonzweni, msichana wa futi nne na inchi kumi, na pengine sasa zimeongezeka.

"Basi msiniharakishe," alisema. "Ngojeni nifikirie vizuri, nitawapigia." Akakata simu.

Munyao na Kalekye walibaki wakiitazama pale benchini, kila mmoja na kikombe chake, wala hakuna aliyenyanyuka kwenda popote. Walingoja mpaka chai ikapoa.